Nani Ataonja Pombe ya Wakwe?

Jumamosi, Agosti 1996. Karungu.

Mvua ilitishia tangu asubuhi, kisha ikaenda zake bila kutuharibia shughuli. Wakwe wameshaondoka. Nimeketi mlangoni na najisikia mrefu kuliko nilivyo, kwa hiyo leo, shajara yangu, niache nijisifu kidogo.

Wameleta ng'ombe wa mahari ya Atieno, binti yangu wa kwanza. Na kwetu wageni hawagusi chungu cha pombe mpaka mwenye boma aonje kwanza kwa mrija wake, wajue haina sumu. Mwenye boma ni mimi.

Na mimi nina miezi saba sijaonja.

Nikiri jambo. Kwa wiki mbili nilikuwa na ujanja wangu: nitatia mrija mdomoni, nivute mashavu, nisimeze kitu. Nilifanya hata mazoezi kwa sufuria ya maji mke wangu alipokwenda sokoni. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi nikaupeleka ujanja huo kwa kikundi chetu kule Migori, katika hospitali niliyolazwa wiki nne za kutetemeka na kulia. Nilitarajia wanipigie makofi. Boke, mama wa Ntimaru aliyekuwa akipika chang'aa na kuimaliza mwenyewe, akaniuliza swali moja.

"Wewe fundi cherehani, mdomo yako iliwahi kugusa mrija ikaacha?"

Muuguzi wa kikundi akaniuliza kwa nini sijawaambia wakwe ukweli. Nikasema naona haya, na hapo nikaanza kulia mbele ya watu. Niliogopa wamwone Atieno ni mtoto wa mlevi, wageuze na ng'ombe wao. Hakuna aliyenicheka. Boke alinishika mkono mpaka nilipomaliza.

Jana nikamwambia mke wangu kila kitu, hata habari ya sufuria. Yeye ni mtu wa kanisa, pombe hajawahi kuionja. Hata hivyo akasema ataonja yeye.

Leo chungu kikawekwa katikati, povu juu. Harufu yake, jamani! Nilimeza mate. Ndugu yangu akanipa mrija wangu, na wote wakanigeukia, Mzee Odoyo, baba ya bwana harusi, akiwa mbele kabisa. Nilisimama.

"Wakwe zangu, mimi pombe ilinishinda. Nilikuwa hospitali juu yake, na bado naenda. Leo Mama Atieno ndiye ataonja."

Nilimwona Atieno mlangoni kwa mama yake, ameziba mdomo kwa leso.

Mke wangu akachukua mrija, akavuta, akakunja uso wote.

"Sasa Baba Atieno, ni hii kitu chungu ulikuwa unauzia cherehani?"

Boma zima likaangua kicheko, wakwe ndio zaidi. Mimi pia nilicheka. Ng'ombe hawakugeuzwa. Nilikunywa uji wangu kwa kikombe kikubwa, wazi mbele ya kila mtu, na nilipomtazama tena Atieno alikuwa ameshusha leso na anatabasamu. Sijawahi kujivunia kitu namna hii, hata suti ya kwanza niliyoshona.

Wakati wa kuagana, Mzee Odoyo alinivuta kando karibu na zizi. Nikadhani kuna neno kuhusu ng'ombe.

"Fundi, hiyo hospitali yako... wanachukua hata mtu amezeeka?"

Alikuwa bado amenishika mkono, na wake ulikuwa unatetemeka. Kutetemeka huko nakujua.

"Alhamisi, Jaduong', mzee wangu," nikamwambia. "Tutaenda pamoja."

Nimekaa hapa nikiwaza tu. Ningevuta mashavu leo, huyu mzee angemwuliza nani?