Betri Niliyomfungia Bakari

Jumapili, alasiri imeshapita. Joto la kunata, mbingu imeziba, wala jani halitikisiki. Nguo nilizoanika tangu asubuhi bado mbichi. Nimekaa jikoni, mlango nimeurudisha, kwa sababu mama yuko ukumbini na sitaki aone uso wangu.

Nina jambo la kusema na bado sijamwambia anayestahili kuambiwa. Nitaliandika kwanza.

Mimi ni fundi wa umeme. Nina miaka sita kwenye gereji ya pikipiki za umeme hapa Changamwe. Kakangu Bakari ni mtu wa boti. Anavusha watu kutoka Mkupe hadi Tsunza na kurudi, tangu mimi nikiwa shuleni. Mwaka jana mashine yake ya petroli ilikufa kabisa. Nikawa namwona akivusha watu kwa kasia, akirudi nyumbani hawezi hata kuinua kikombe cha chai. Nikamwambia, "Kaka, nipe mwezi mmoja."

Mota niliitoa kwenye tuktuk ya umeme iliyogongwa. Propela ni ile ile ya mashine yake ya zamani. Shafti nilichongewa na fundi wa Chaani. Betri niliiunda mwenyewe, seli moja moja, kutoka kwenye betri za pikipiki zilizotupwa nyuma ya gereji. Betri ikifa si kwamba seli zake zote zimekufa. Nyingine ni nzima, kazi ni kuzichagua. Nikazipanga ndani ya sanduku la plastiki ngumu, kifuniko cha bati nene, skrubu nane.

Siku ya kwanza tulipoisukuma boti majini, abiria waliozoea kupigiana kelele juu ya mashine wakaanza kunong'ona. Bakari alicheka mpaka machozi. "Zuhura, wallahi nasikia maji yanavyopasuka!" Mama akapiga vigelegele pale pale ufuoni.

Siku ile nilijiona mkubwa.

Betri ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ikichoka adhuhuri. Bakari akataka kubwa ya kumaliza siku nzima. Na Chengo, mwenye boti upande wa Tsunza, akaja kuniomba nimtengenezee kama ya Bakari. Nikaunda mbili kwa pamoja, moja ya Bakari, moja ya Chengo.

Hapa ndipo pananiuma.

Seli kuukuu hupimwa hivi: unaijaza chaji, unaiacha wiki mbili, unaipima tena. Iliyoshuka unaitupa, maana inaoza kwa ndani hata kama kwa nje inang'aa. Nusu ya seli nilizipima hivyo. Nusu nyingine sikuzipima. Chengo alikuwa akinipigia kila siku, watu pale Mkupe wakiniita injinia, nami sikutaka kuonekana fundi wa kesho kesho. Nilizigusa kwa mita, nikaona namba nzuri, nikazichomelea. Ziligawanyika kwenye masanduku yote mawili.

Jumanne iliyopita Bakari aliniambia sanduku lina harufu. Tamu tamu, kama rangi ya kucha. Nikamwambia ni silikoni niliyozibia matundu ya waya inakauka.

Silikoni ilikuwa imekauka zamani. Harufu ile naijua. Gerejini tukiisikia, betri hutolewa nje bila mtu kumwambia mwenzake. Nikajisemea nitaiangalia Ijumaa.

Moto uliwaka Alhamisi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, katikati ya maji, abiria watano ndani. Bakari anasema sanduku lilichachatika kama kikaango cha mafuta kikidondokewa na maji, ukatoka moshi mweupe, kisha ndimi za moto zikarushwa kwa nguvu kama zatoka kwenye mtungi wa gesi. Aliielekeza boti kwenye mikoko kulikokuwa na maji ya kifuani, akawaambia waruke. Wanne wakaruka. Bibi mmoja akaganda pale alipokaa, amekumbatia mkoba wake. Bakari akapita kando ya sanduku, akambeba.

Bibi hakupata hata lengelenge. Bakari ameungua mkono wa kushoto wote na nusu ya mgongo.

Nilipofika hospitalini alikuwa amelazwa kifudifudi. Hakuuliza habari za boti. Aliuliza, "Mdogo wangu, ni mimi? Nilifungua kifuniko Jumatano nikafuta vumbi. Sikukikaza?"

Nikasema, "Labda maji yaliingia."

Labda. Neno dogo kama nini. Nililisema huku nikimtengenezea shuka.

Jana nilikwenda kulitazama gofu la boti. Walikuwa wamelivuta hadi kwenye tope la Mkupe, jeusi, linanuka. Plastiki imeyeyuka na kuwa kama uji uliokauka. Lakini kile kifuniko cha bati kilikuwa mahali pake, na skrubu zote nane zimo, zimekazwa hadi mwisho. Nilijaribu kuifungua moja kwa bisibisi, haikutikisika.

Bakari alikaza. Alikaza kuliko ninavyokaza mimi.

Nilichuchumaa kwenye tope sijui kwa muda gani. Halafu nikamkumbuka Chengo, na seli zile zile zilizomo kwenye sanduku lake.

Nilimpigia simu mara tisa. Chengo akiwa botini simu huiacha nyumbani. Leo asubuhi nikapanda boti ya kasia nikavuka Tsunza. Nilimkuta ufuoni anasugua boti yake kwa makumbi ya nazi, kila kitu kisafi, sanduku langu nyuma limefunikwa turubai kama mtoto aliyelala.

"Chengo, nimekuja kuitoa betri."

"Ya nini, dada? Yangu nzima. Nilikuwa hospitalini juzi, Bakari mwenyewe kaniambia alisahau kukaza kifuniko. Mimi changu sijakigusa tangu ulipokifunga." Akatabasamu kunituliza. "Na kesho nina watoto wa shule. Kumi na wawili, asubuhi."

Kwa hiyo ile labda yangu imeshakuwa ushahidi. Bakari anaisambaza kitandani kama dhambi yake mwenyewe, na watu wanaiamini, na kwa kuiamini wanapanda boti ya Chengo bila wasiwasi.

Niliinua turubai nikaweka kiganja juu ya sanduku. Boti haikuwa imetoka tangu jana. Sanduku lilikuwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa. Ubavu mmoja ulikuwa umetuna.

"Bakari hakusahau kitu," nikamwambia. "Kifuniko nimekiona, kimekazwa. Ni seli. Nusu sikuzipima. Na nyingine zimo humu ndani."

Chengo alinitazama. Nikatoa koleo mkobani nikakata waya, wa kwanza, wa pili. Kisha yeye ndiye aliyeleta kamba. Tukaliburuta sanduku, yeye mbele, mimi nikiwafukuza watu kando, mpaka kwenye tope tupu kusiko na boti wala nyumba.

Tulikaa mbali tukalitazama. Saa nzima. Halikufanya lolote. Watu walikusanyika, mmoja akasema fundi amekuja kuzika kazi yake, wakacheka. Mke wa Chengo aliuliza kesho mumewe atawavusha watoto kwa kitu gani. Nilianza kufikiri labda nimeharibu kitu kizima kwa hofu zangu, na aibu ni kwamba nilitamani iwe hivyo.

Nilimwambia asimruhusu mtu kulisogelea. Akanivusha mwenyewe kwa kasia. Tulipogusa Mkupe ndipo aliposema, "Mimi umeniambia. Nduguyo je?"

Nikamwambia nitamwambia akipata nafuu.

Chengo akatazama kasia lake. "Nafuu ataipata vipi," akasema, "na huo mzigo umemwachia?"

Hapa nyumbani nimekuta mama akiongea na jirani dirishani. "Bakari tangu utotoni msahaulifu," anamwambia. "Ndala mguu mmoja huku, mmoja kule. Kila siku nilimwambia atakuja kujiua na watu." Jana hospitalini alimsema vivyo hivyo, amesimama kichwani pa kitanda, analia na kugomba kwa pamoja, na Bakari akijibu ndiyo mama, ndiyo mama, uso kwenye godoro. Nami nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika kopo la maji.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, simu ikalia. Chengo.

"Dada Zuhura. Imewaka."

Nikaweka kalamu chini.

"Yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Moto umepita kimo cha mtu." Nyuma yake nilisikia watoto wengi wakipiga mayowe, yale mayowe ya kushangilia kitu kikubwa wasichokijua. Tukawasikiliza wote wawili. Kisha akakata.

Nilidhani nitashukuru. Nimeshukuru, alhamdulillahi, lakini hesabu haiishi. Nahesabu kumi na wawili, nawapanga kwenye boti wawili wawili, na kila nikimaliza naanza upya. Je, kama ningekwenda kesho badala ya leo? Je, kama Chengo angekataa? Na nani angelaumiwa safari hiyo? Najua nani. Wangesema Chengo naye alisahau kifuniko.

Saa za kuwaona wagonjwa zinaanza saa kumi na moja. Sitamwambia Bakari pembeni, kwa sauti ya chini, mama akiwa ameenda kuteka maji. Nitamwambia mama akiwepo, amesimama pale pale kichwani. Na jirani wa dirishani nitampitia tukirudi. Sijui Bakari atanitazamaje. Labda hatanitazama. Ule mkono daktari anasema vidole viwili haijulikani kama vitapona.

Mama ameshavaa buibui, ananiita.

Abee, mama. Nakuja.