Miguu yote miwili, sawa

Shoga yangu, uko? Nimejifungia chooni hapa kliniki, nisikilize.

Miaka kumi na mbili nawaimbia watu wimbo mmoja: mgonjwa wa kisukari akiingia, mvue viatu, tazama miguu. Si hata kwenye harusi yako niliwakagua wajomba zako nyayo?

Leo kaingia mzee mmoja kwa magongo. Mguu wa kushoto hana, ulikatwa mwaka jana. Nafungua faili lake, mwezi uliopita imeandikwa: "Miguu yote miwili, sawa."

MIWILI! Mtu ana mguu mmoja!

Nikapandwa na mori. Nikawaita manesi wote, nikawafokea mbele ya mzee wa watu. "Nani kaandika uchafu huu? Mnakagua kwa macho gani?"

Wote wanatazama sakafu.

Nesi mkuu, yule mama mpole, akaweka kidole chini ya ukurasa. "Sahihi ni yako, daktari. Siku ile foleni ilifika getini."

Sahihi yangu. Yangu mimi!

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti, nikamvua kile kiatu kimoja. Soksi imegandia kidonda chini ya kidole gumba, na yeye hata maumivu hasikii. Kikiwa kimefika mfupani, na mguu huu tutaukata.

Nikamuuliza, "Baba, mbona mwezi ule hukunionyesha?"

Akasema kwa upole kabisa, "Nilianza kufungua kamba, mwanangu. Ukaniambia nisijisumbue."