Boksi la Kumwona Mume Wangu

Tarehe 6 Februari

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele, na hakuna mzee yeyote aliyekuja kukuposa nikiwa mbali. Mimi ni mzima kama chuma. Nimenenepa mpaka mkanda unalalamika.

Dereva wa lori amenifikishia ujumbe wako, kwamba televisheni imebaki chenga tupu na unataka kununua boksi la intaneti, lile la kuchomeka. Umefanya la maana kumuuliza mumeo kabla ya kwenda kwa matapeli wa stendi. Hapa dukani wananiita Injinia. Shule niliikimbia, sikatai, lakini walioimaliza wanakuja na miwani yao kuniuliza mimi waya gani unaingia wapi.

Sikiliza basi. Kuna kijiti kidogo kama kiberiti, kinajificha nyuma ya televisheni. Hicho kikipata joto kinakwama. Kwenye tamthilia mama mkwe anainua mkono amzabe kofi mke wa mwanawe, mkono unabaki hewani mpaka kesho. Kuna boksi la kati, hilo unalisemesha kwenye rimoti: "nitafutie nyimbo za zamani," linatafuta, wala halinuni. Halafu kuna babu yao, linabeba sinema ambazo hutazimaliza hata ukiishi mara mbili. Mimi nasema babu yao. Mke wa Injinia hatazami kwa kijiti.

Ila kwanza geuza televisheni uitazame mgongoni. Tafuta tundu bapa, pana juu, jembamba chini, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Likiwepo, tumefaulu. Intaneti muombe jirani yako, yule mama fundi cherehani, si mmetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mumeo,
mjukuu wako


Tarehe 20 Februari

Kwako mume wangu mwenye maneno,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ni yale yale, wachumba hawajaja, nadhani wanakuogopa. Wewe je, kifua kinakusumbua bado wakati wa baridi?

Fundi cherehani alikuja na tochi, tukaigeuza televisheni pamoja. Tundu lililonuna lipo, limejaa vumbi. Akasema, "Bibi, huyu mumeo anaeleza vitu kama anavichora." Nikamwambia ndivyo alivyonipata. Intaneti ametukubalia, mradi jioni aje kutazama tamthilia yake hapa.

Sasa nijibu jambo moja. Katika hayo maboksi yako, lipi linaonyesha mtu aliye mbali? Fundi cherehani anasema yapo yenye jicho, mtu anaonana na ndugu yake uso kwa uso. Mimi sinema zote hizo za nini? Huu mwaka wa tatu unanenepa kwa barua. Nataka kuuona huo mkanda unaolalamika.

Desemba ulisema unakuja, nikafua mapazia. Desemba iliyofuata nikafua tena. Yamechakaa kwa kufuliwa, si kwa jua.

Bibi yako,
mkeo


Tarehe 9 Machi

Kwako Bibi, mrembo usiyezeeka,

Shikamoo tena na tena. Kifua kizima, ningeweza kukukodishia ukipige kama ngoma.

Umeshinda. Babu yao hana jicho, kwa hiyo nimemwacha rafuni. Ninakuletea lile la kati, kamera yake inauzwa kando nami nimeitia humo humo. Dereva analo. Nimelisajili kwa jina langu na kukuwekea kila kitu, wewe kazi yako ni kukaa tu na kupendeza. Kamera iwekwe juu ya televisheni. Ukiiweka chini utanionyesha magoti, na mimi sikuoa magoti.

Jumapili saa kumi alasiri litalia. Bonyeza kitufe cha katikati, utaniona mkubwa kama kabati. Na sebule yangu utaiona, kwa hiyo keti vizuri usije ukaanguka.

Kuhusu Desemba, tena tuna haraka gani? Tutakuwa tunaonana kila Jumapili.

Mumeo,
Injinia


Tarehe 2 Aprili

Kwako mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima, nyumba nzima iko salama.

Ulitokea kweli. Nilikuwa nimevaa gauni la kutokea, na fundi cherehani naye akavaa lake, kana kwamba anayepigiwa ni yeye. Uliposema shikamoo nilisimama. Mlipokuwa mnataniana wawili nilisogea nikakugusa shavu, hukujua. Kioo kilikuwa cha moto kama una homa.

Sebule yako nzuri. Lakini mume wangu, kochi ulilokalia lilikuwa bado ndani ya nailoni. Kwenye taa iliyo nyuma yako kinaning'inia kikaratasi cha bei. Na nyuma ya hilo kochi niliona kochi jingine, na jingine, na kitanda kisicho na mto. Fundi cherehani hakuona, alikuwa anasifia zulia. Mbele yake sikusema kitu, heshima yako ni yangu.

Niambie tu unapolala.

Bibi yako


Tarehe 17 Aprili

Kwako Bibi mwenye macho ya polisi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo sana.

Wewe mtu akikuoa ameoa upelelezi. Haya. Duka letu linauza samani pia, na Jumapili likishafungwa lote linakuwa langu. Nani mwingine ana makochi kumi na manane ya kuchagua? Bosi mwenyewe kwake ana matatu.

Ninalala ghalani, juu ya katoni za friji. Usianze kulia. Katoni ya friji ina sponji ndani, ni kavu, panya haipendi. Kuna mwenzetu analalia za pasi, huyo ndiye wa kuhurumiwa.

Nilisema nikirudi nitarudi mtu mzito, wote mtaani walisikia, maana nilisema kwa sauti. Uzito wenyewe bado. Kwa hiyo na mwaka huu nadhani nisije. Lakini tunaonana, au sivyo? Jumapili iliyopita ulicheka mpaka ukajifuta macho. Mtu aliye mbali hachekeshi hivyo.

Mumeo


Tarehe 28 Juni

Kwako mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu ni njema, nakuambia mapema ili usije ukafikiri ni maradhi yanayoniandikisha haya.

Barua hii inakuja pamoja na boksi. Halijaharibika. Nimelifuta vumbi, kamera nimeifunga kwa kitambaa, rimoti iko pembeni. Usimlaumu fundi cherehani, yeye kanibembeleza sana nisilitoe, tamthilia ilikuwa imefika pazuri.

Kabla halijaja, barua zako nyingi zilikuwa na neno nakuja. Lilikuwa uongo, lakini lilinipa kazi: natandika kitanda chako, nafungua dirisha la chumba kile kipate hewa. Sasa hata uongo huuandiki. Unaandika tutaonana Jumapili. Jumapili inafika, nakuona, nashiba kidogo. Kisha televisheni inazimika, nabaki natazama kioo cheusi, na ndani yake yuko bibi kizee na kiti kitupu.

Wiki iliyopita nilimimina chai vikombe viwili. Kimoja nikakiweka mbele ya televisheni, karibu na mkono wako. Ulikuwa unanisimulia ya bosi wako na mimi natazama kile kikombe kinapoa. Hukukiona. Hapo ndipo nilipoamua.

Ulale kwenye katoni, ulale kwenye hariri, mimi sikukuuliza ili nikupime. Nilitaka kujua shuka nikuwekee nzito au nyepesi. Ukitaka kuniona, mlango unaujua.

Bibi yako,
bado mkeo


Tarehe 11 Julai

Kwako Bibi,

Shikamoo. Boksi limefika salama.

Jumapili ilipofika niliona aibu kukaa bure, nikalichomeka kwenye televisheni kubwa ya dukani. Saa kumi ikapita. Halikulia, bila shaka, nani wa kupiga. Bosi alirudi kuchukua funguo zake, akanikuta. Akasema, "Injinia, unamsubiri nani?" Nikaichomoa kamera, nikaifunga tena kwa kitambaa chako.

Kesho yake nikaomba ruhusa niondoke. Akasema nikienda atamweka mwingine. Nikasema amweke, na amwonyeshe katoni za friji ziko upande gani, asije akalalia za pasi.

Dereva atakupa barua hii Jumanne. Mimi naja na basi la Alhamisi, nitashuka alasiri. Mkanda wala haulalamiki, nimeutoboa matundu mengine mawili kwa ndani, utaona mwenyewe. Shuka iwe nzito.

Na tafadhali mlango wa uani uache bila komeo. Nitapitia huko nyuma. Sitaki watu wa mtaani waone mkoba ulivyo mdogo kabla wewe hujaupokea.

Mjukuu wako