Kengele ya Siku za Giza

Kagoma, Muleba
Jumapili jioni

Shemeji yangu Onesphory,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, Clotilda na watoto wote hapo Nshambya. Mgongo wa Clotilda unaendeleaje? Mwambie aache kubeba ndoo, asijifanye bado msichana. Sisi huku tunapumua, na migomba inazaa.

Kinachotutesa ni nguruwe pori. Walimaliza mihogo ya Mzee Rutaihwa, wakahamia kwangu. Wewe umekulia hapa, unajua huwindwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka hula usiku kucha, na kukipambazuka wamesharudi kichakani. Mwezi usipoonekana huchelewa, mapambazuko yakawakuta bado shambani. Ndivyo kaka yako Privatus alivyolikuta lile dume mwaka jana, likamchana paja, tukamzika.

Philbert wangu hakulia msibani. Tangu siku ile alikuwa akinipa salamu tu, chakula anakigusagusa. Halafu akaanza kunoa mkuki wa baba yake, akasema na yeye ataingia kwenye msafara wa wawindaji. Nilimkataza, akaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Huenda uvumi umefika hata huko mjini, kwamba siku za giza zikiingia, alfajiri kengele ya shingoni ya mbwa wa kuwindia wa Privatus inalia bondeni, ilhali mbwa yule alipotea siku ile ile bwana wake alipokufa. Wawindaji wameogopa, hatoki mtu. Rutaihwa, na maneno yake yote, alijifungia ndani akasema anaumwa jino.

Shemeji, ni mimi. Kengele niliiokota kichakani nikitafuta kuni, nikaificha. Naijaza majani makavu isilie njiani, kama Privatus alivyokuwa akifanya, nikifika bondeni nayatoa, naitikisa. Nilitaka mwanangu aogope akae nyumbani. Najua ni dhambi kumchezea marehemu. Kila nikiitikisa nageuka nyuma nikidhani amesimama pale, na naogopa kumkuta kama ninavyoogopa kutomkuta.

Jana Philbert alikuja jikoni, akakaa karibu yangu, akalia mpaka shati likalowa. Alisema wengine wanakimbia bure, baba hajatuacha, anamwita yeye. Siku za giza zikirudi ataifuata kengele peke yake mpaka amwone.

Mwezi umeshaanza kupungua. Nisipoitikisa, wawindaji watatoka, naye atatangulia mbele yao na ule mkuki. Nikiitikisa, atanikuta mimi pale alipomtarajia baba yake. Na kumwambia nimeshindwa, kwa sababu ni kumzika Privatus mara ya pili, na safari hii nikiwa peke yangu. Wewe ni baba yake mdogo. Njoo umwambie, ila usimwambie siku hiyo hiyo utakayofika. Tangu jana mtoto anakula.

Wote hapa wanawasalimu. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi shemeji yako,
Annastella