Mikono ya Kukuosha

Mama,

Wamekusanyika ukumbini mwako hapa Sib wale waliosalia wetu, na khitma yako imekwisha kusomwa. Wameniomba niseme neno, kwa kuwa kazi yangu ni kusema mbele za watu. Nimeona nikuandikie wewe, wao niwasomee, maana ninalotaka kulisema sina mwingine wa kumwambia.

Kazi yangu unaijua. Wizarani, pale Al Khuwair, husimama mbele ya wageni nikawaeleza kwa nini nchi zenye neema zinapungukiwa na watoto: masomo marefu, ndoa za kuchelewa, nyumba ghali, kila mtu kutaka mtoto mmoja amlee vizuri. Huulizwa maswali, nikayajibu. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti yangu ikitetemeka.

Ilitetemeka siku uliyofariki, tulipotafuta watu wa kukuosha.

Alipofariki Bibi nilikuwa msichana, nimekaa kizingitini, na wanawake wa ukoo wakigombea kuingia. Huyu binti, yule mpwa, yule mke wa mtoto. Ukatoka mlangoni ukawaambia, "Tokeni basi, mnamziba pumzi maiti." Wakacheka huku wanalia. Siku ile mikono ilizidi kazi.

Na wewe je? Dada zako uliwaosha mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, mpaka wakaisha. Ulizaa wanne, wanaume watatu na mimi, na wanaume hawaingii chumba kile. Wake zao wawili wako ng'ambo. Wa tatu hajaolewa bado, maana ndugu yangu hajamtafuta. Mjukuu wako wa kike ni Salma peke yake, naye yuko Uingereza. Mazishi hayangoji ndege, Mama.

Msikiti ukatuletea wanawake wawili. Watu wema, wanaijua kazi yao. Mmoja akanifunga aproni, kisha akaniuliza kwa upole, "Marehemu anaitwa nani?"

Katika chumba ulichotuzalia, Mama. Akaulizia jina lako.

Nikamtajia. Nikawaomba wapashe maji moto, nikawaeleza ulivyokuwa ukisema, "Nikifa msinimwagie maji ya baridi, nna baridi yabisi mie." Wakatabasamu. Nikamimina, wao wakasugua, na kila walipokugeuza nilitaka kuwaambia, polepole, bega hilo linamuuma.

Tangu uondoke nimefunga vyumba vya juu. Sinia kubwa la pilau nimempa jirani, kwa kuwa mimi hula kwenye kisahani. Ulikuwa ukiniambia, "Zaa mwanangu, nitakulelea mie," nami nikitaka, na marehemu mume wangu akitaka, mpaka daktari akatuambia basi. Jioni ile ulinisuka nywele, mtu mzima mimi, na hukutaja mtoto tena.

Juzi nilimpigia Salma. Nilijipanga kama ninavyojipanga kwa mkutano. Nikamweleza nini kinafanywa maiti akioshwa, na kwa nini hufanywa na mtu wako, nikamwomba siku yangu ikifika anioshe yeye. Akasema, "Shangazi, mimi naogopa. Kwani hakuna watu wa kazi hiyo?"

Nikamwambia wapo. Sikumlaumu. Kalelewa peke yake, hajapata kuona kizingiti kimejaa wanawake.

Kufa sikuogopi. Ninachoogopa ni kulazwa pale na mtu ambaye hakunijua hai, na nje ya mlango asiwepo wa kumwambia apashe maji. Huko kazini hili nina maneno ya kulielezea. Hapa, mbele ya hawa wachache wanaonitazama, sinayo.

Nakuahidi jambo moja. Nitakwenda kwa wale wanawake wa msikitini wanifundishe kazi yote, si kumimina tu. Mwanamke yeyote wa upande wetu huu, kuanzia Sib mpaka Ghubra, akifa hana binti, nitaitikia, na nitakaa kwanza na waliomjua wanisimulie habari zake. Siwezi kukuahidi kwamba yupo atakayenifanyia mimi hivyo. Nimemtafuta, Mama, sikumpata.

Pumzika kwa rehema za Mola wako. Namwomba anichukue siku ambayo kuna mtu nyumbani.

Binti yako.