Nililifua Gauni la Marehemu Mdogo Wangu, Sasa Mama Anatafuta Muuaji

(Majina yote yamebadilishwa. Jibu lilimfikia mwandishi kabla ya barua hii kuchapishwa, naye ameturuhusu kuichapisha.)

Bi. Ruwaida mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie lakini usiliseme jina langu wala la kanisa letu, maana huku Sabaki watu wanajuana hata kwa kikohozi, na mimi si mtu wa kusema mbele za watu, hata darasani mwalimu akiuliza nilikuwa najua jibu na nanyamaza, ndiyo maana nimeona niandike. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa niko nyumbani. Tulikuwa watatu, mama, mimi na mdogo wangu Kahonzi aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Kahonzi alifariki mwezi wa tatu, siku ya Jumapili, na sote tukaambiwa amezama mtoni.

Mama yangu ni dobi katika nyumba moja ya wageni Malindi. Amefua mashuka ya watu kwa miaka kumi na saba na nguo yeye anaisoma kama vile wewe unavyosoma barua hii. Akishika shuka anakwambia huyu alikula embe kitandani, huyu amejipaka mafuta ya nazi, na siku moja alishika foronya akasema, "Huyu alilia na wanja machoni," mimi na Kahonzi tukacheka mpaka tukaketi chini.

Siku ile mama alikuwa kazini kwa sababu Jumapili wageni wengi huondoka. Kahonzi alirudi kutoka kanisani na gauni lake jeupe la kwaya, akala, mimi nikajilaza kidogo kwa ajili ya joto, na nilipoamka hakuwepo. Saa kumi baba mdogo Chengo alikuja amembeba mikononi, maji yanamchuruzika, akaniambia amemkuta kwenye kivuko cha mto. Baba mdogo ni ndugu yake marehemu baba. Yeye ndiye aliyetuezekea nyumba baba alipokufa, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, sijawahi kumsikia akimtukana mtu, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Akina mama walipomvua Kahonzi ili wamwoshe, baba mdogo alinipa lile gauni limeviringwa kama mpira, akaninong'oneza, "Lifue sasa hivi, mama yako asilikute hivi. Akiliona na yeye atakufa." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalifua. Nilitia dawa ya madoa ambayo mama huja nayo, nikaloweka, nikasugua, nikaloweka tena, mpaka vidole vikachubuka. Mshipi wake niliufunga mafundo mawili kama mama alivyonifundisha ili usisokotane, nikaligeuza ndani nje nikalianika. Mama alipofika analia, gauni lilikuwa jeupe. Nilidhani nimemfanyia mema.

Alizikwa kesho yake. Wazee walisema mtoto aliyezama hana la kupimwa, na baba mdogo akasema hataki mtoto wa ndugu yake akakatwekatwe na madaktari, na mama wakati ule hata ungemuuliza jina lake asingelijua.

Matanga yalipokwisha nguo za Kahonzi zilitolewa ili wagawiwe binamu zake. Mama akalichukua lile gauni, akaligeuza, akaangalia mishono, makwapa, pindo.

"Hili ndilo alilozama nalo?"

"Ndilo, shemeji," baba mdogo akasema.

"Limefuliwa?"

"Nani alifue, shemeji? Lilianikwa tu likakauka."

Mama akanitazama. Baba mdogo naye akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, mama, halikufuliwa."

Basi mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sabuni, "Tope la Sabaki mimi nalijua. Likiingia kwenye mshono mweupe halitoki hata ulichemshe. Gauni hili halijaona mto. Mwanangu amefia kwingine akaletwa mtoni."

Tangu siku hiyo mama si mtu wa kulia tena, ni mtu wa kuuliza. Alichukua daftari langu la kidato cha nne lililobaki kurasa, akawa anapita nyumba kwa nyumba akiandika nani alimwona Kahonzi na saa ngapi. Shaka yake yote ikamwangukia Bwana Stambuli, jirani yetu wa matikiti, kwa sababu mwezi wa kwanza alimkamata Kahonzi shambani kwake, akamleta nyumbani amemshika sikio, akasema, "Siku nyingine simleti." Mimi nilikuwepo mama alipokwenda kumuuliza.

"Mama, na mimi nina watoto," Bwana Stambuli akasema. "Nilimvuta sikio, basi."

"Sikio lipi?"

"La kulia... nadhani."

"Jumapili ile ulikuwa wapi?"

"Malindi, kwa wakwe zangu."

"Walikupikia nini?"

Akababaika, akasema wali, kisha akasema hapana, mikate ya sinia. Mama akaandika: hakumbuki chakula. Habari ile ikaenea kabla hatujafika nyumbani. Sasa vijana wameng'oa matikiti yake yote na wanasema kilichobaki ni nyumba. Mkewe Bi. Mwanamina amekwenda kwao na watoto, na siku anaondoka alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mama yako atatuua na hatuna kosa," nami nikatazama chini. Baba mdogo hawakatazi wale vijana. Huketi nao, na wanaowakemea huwaambia waacheni, wana uchungu.

Bi. Ruwaida, mama hajui kuwa gauni lilifuliwa, na mtu yuko karibu kuchomewa nyumba kwa ajili ya weupe ulioletwa na mikono yangu. Wiki iliyopita nilimkuta mama amelitoa gauni kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani anamolihifadhi, ameketi nalo mapajani, ameushika mshipi, anayapapasa yale mafundo mawili ambayo nilisahau kuyafungua. Tangu hapo hajalitaja tena jina la Stambuli, na daftari amelifunga. Jumatano akaja na shuka la kazini lenye doa la grisi, akaniambia, "Nifulie hili." Mimi bila kufikiri nikachukua unga wa sembe nikaupaka kwanza juu ya doa, kabla ya maji. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama mikono yangu.

"Huo unga nilikufundisha lini?"

"Zamani, mama."

"Hata. Mimi grisi huitoa kwa dawa tu. Unga umejaribu mwenyewe, ukaona unafaa."

Akaingia ndani. Mpaka leo anazungumza nami habari za chumvi na kuni tu, na ninapogeuka nahisi ananitazama mgongoni. Nisipoifungua siri hii Bwana Stambuli ataumia. Nikiifungua mama atajua nilimdanganya mbele ya ukoo mzima, na baba mdogo sijui atakuwa nani kwetu. Niseme, au ningoje mama achoke mwenyewe?

Wako mtiifu,
Aliyefua, Sabaki.

Nimesahau kuandika hili. Gauni lile halikuwa na tope. Lilikuwa na grisi nyeusi mgongoni na mikononi, nikaitoa kwa unga, na lilinuka moshi wa mashine. Yale maji yaliyokuwa yanamchuruzika Kahonzi yalikuwa meupe kama ya pipa. Baba mdogo ana shimo shambani, kiangazi huteremsha mashine ya kuvuta maji humo ili iwe karibu na maji, na Kahonzi aliwahi kuniambia kwamba baba mdogo humwita aingie humo kwa sababu ni mwembamba. Jumanne, siku moja baada ya mazishi, baba mdogo alilifukia shimo hilo ingawa mvua zilikuwa bado. Labda haina maana.

JIBU LA BI. RUWAIDA

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Pole pia kwa mzigo ambao mtu mzima aliutua kichwani mwako siku ambayo hata kusimama ulikuwa huwezi. Baada ya pole hizo mbili nitakukaripia, kwa hiyo keti vizuri.

Jambo kubwa kuliko yote umelisukuma chini kabisa, baada ya kutia sahihi, kisha ukaandika "labda haina maana." Ina maana na wewe unaijua. Ungekuwa huijui usingeitaja. Kurasa zote zile umekuwa ukilia kwamba ulifua, kana kwamba kufua ndilo kosa. Ulichofanya siku ile kilikuwa amri ya mkubwa na huruma ya mtoto kwa mama yake, na mimi sikuhukumu kwa hilo. Kosa lako ni lile neno "halikufuliwa" ulilolisema mbele ya watu, na miezi miwili ya kulilinda huku matikiti ya mwenzako yanang'olewa na watoto wake wanakimbia nyumba yao. Uoga unaeleweka. Lakini uoga wako sasa unalipiwa na Stambuli, ambaye kosa lake ni kusahau alichokula kwa wakwe. Mimi mwenyewe sikumbuki nilichokula juzi.

Nikuambie pia nisichokijua. Sijui Kahonzi alikufaje, na wewe hujui. Mashine ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake humwangusha hata mwanamume mwenye nguvu kabla hajapiga ukelele, na inawezekana baba yako mdogo alimkuta amekwisha, akaingiwa na hofu, akammwagia maji ya pipa na kutunga habari ya mto. Inawezekana ni jambo jingine baya zaidi. Huenda pia kuna maelezo ambayo mimi na wewe hatujayafikiria. Kulijua hilo ni kazi ya polisi na ya daktari wa serikali, na mahakama inaweza kuruhusu kaburi lifunguliwe. Kazi yako ni kusema ulichokiona tu, bila kuongeza na bila kupunguza. Kwamba alikuezekea nyumba, hilo ni kweli na litabaki kweli. Halijibu swali la shimo.

Sikiliza basi. Usimwendee Chengo, usimuulize kitu, usimwonyeshe kwamba umebadilika. Usibaki naye peke yako, hata akikuita kwa jambo dogo. Lile gauni usiliguse tena, usilinyooshe, usilikunje vizuri. Mfuko lilimo ufungwe kama ulivyo. Andika kwenye karatasi yale yote uliyoniandikia baada ya sahihi, na uyaweke mwanzo safari hii: grisi, moshi, maji meupe, shimo, Jumanne. Hukuandika kama siku ile Kahonzi aliitwa. Ikiwa alikuambia anakokwenda kabla hujalala, liandike hilo kwanza kabisa. Kisha wewe na mama mwende pamoja kituo cha polisi mjini, asubuhi, mkifuatana na mwanamke mmoja mnayemwamini kutoka kanisani. Msipitie kwa wazee wa ukoo kwanza. Wao walishasema mtoto hana la kupimwa, na watataka neno lao lisimame. Mkiwa huko huko kituoni semeni pia kuhusu vijana wanaotaka kuchoma nyumba, maana hilo haliwezi kungoja uchunguzi. Na mtakaporudi, mama yako aende kwa Stambuli kwa miguu yake, aseme mbele ya watu wale wale waliozipata habari za mikate kwamba amekosea mtu. Wewe usimame kando yake. Utaona haya. Vumilia.

Umeniuliza kama ungoje mama achoke. Mwanangu, mama yako dobi hachoki, na wewe humdanganyi tena. Aliyajua yale mafundo mawili alipoyashika. Shuka lenye grisi halikuja nyumbani kwa bahati mbaya; pengine alikuta chembe za unga mishononi mwa gauni. Alitaka kuiona mikono yako ikifanya kazi, akaiona. Daftari amelifunga kwa sababu hana nyumba nyingine ya kwenda kuuliza. Na usidhani anakutazama mgongoni kwa chuki. Anaogopa kukuuliza, kwa sababu amekwisha kumzika mtoto mmoja na hataki kuambiwa jambo litakalompotezea wa pili. Ndiyo maana inabidi uanze wewe.

Wewe si msemaji, umeniambia, na sitaki hotuba. Leo akirudi kazini mpe maji ya kunywa, mngoje aketi, uulete ule mfuko uuweke mbele yake, umwonyeshe mshipi kwa kidole bila kuushika, useme, "Mama, haya mafundo niliyafunga mimi." Kisha nyamaza. Atakayeuliza ni yeye, na safari hii atakuwa anamuuliza mtu anayejua.