Mlezi Hakuitwa

Jumatatu, 5 Mei

Kosa la wengi kwenye shauri la matunzo ni kudhani lina watu wawili, baba na mama. Sijui nimewaambia hivyo wajumbe wapya wa baraza letu la usuluhishi mara ngapi. Ulizeni kwanza nani humwogesha mtoto. Huyo mwiteni kabla ya wote.

Leo nimefagia chumba cha kikao mwenyewe, kama darasa enzi za ualimu wangu. Mvua tangu alfajiri, Korogwe yote tope. Shauri moja tu. Rashidi, fundi pikipiki wa hapa mjini, na Zaina, anayewauzia abiria wa mabasi machungwa pale Segera. Hawakuoana. Mtoto wao ni Tunu, miaka saba, darasa la kwanza. Tangu aachishwe kunyonya anaishi Kabuku, upande wa Handeni, kwa Bibi Mwanahamisi, mama yake Zaina.

Nimeandika barua za wito. Mbili. Nilifikiria tope, safari, umri wa bibi. Nikasema tusimsumbue.

Jumatano, 7 Mei

Kikao kilianza kwa matusi. Rashidi: "Nikileta unga Segera, ataula mumeo." Zaina: "Mume gani? Wewe tu ulinishinda, nitamuweza wa pili?" Mjumbe mwenzangu alicheka mpaka akavua miwani. Rashidi naye akacheka. Kicheko kikishaingia, shauri limeiva nusu.

Usuluhishi si hukumu. Hakimu huamua. Sisi tunauliza, tunanyamaza, tunauliza tena, mpaka wanaogombana wachoke na waanze kusema wanachotaka hasa. Rashidi anataka awe na hakika kwamba anayekula ni mwanawe. Zaina anataka kuitwa mama. Kule Kabuku Tunu humwita dada. Alipolisema hilo alilia.

Nikatunga sharti: Rashidi atampelekea Zaina chakula kila mwezi, pamoja na sare na madaftari yakihitajika. Anayepokea ndiye akae na mtoto. Wote wawili wakakubali papo hapo, wakatia saini. Niliona fahari. Nakiri.

Jumanne, 13 Mei

Bibi Mwanahamisi amekuja. Viatu mkononi, tope hadi magotini. Ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa.

Zaina alimchukua Tunu juzi Jumapili. Mtoto aling'ang'ania mlango wa jiko, akambandua. Bibi hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, siku ile mlinihesabu upande gani?"

Nilimpa chai. Hakuinywa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimewaita tena. Makubaliano hufunguliwa kama yalivyofungwa, kwa ridhaa ya wote. Ridhaa haikuwepo.

Rashidi: "Tumeshasaini, Mwalimu. Na kalamu ilikuwa yako." Zaina hakunitazama. Alisema mama yake amekaa na Tunu miaka mitano, yeye hajamaliza hata wiki. Ana haki. Hilo ndilo linaloniumiza. Pale mezani sikuona mwenye kosa ila mimi.

Bibi alikuwa nje, kwenye benchi la wanaosubiri. Safari hii nilimwita aingie. Nilitegemea atetee upande wake. Akasema mtoto abaki kwa mama yake, maana kuvutwa huku na huku kutamuumiza zaidi. Kisha akaanza kueleza. Tunu anaogopa radi. Usiku wa baridi hukohoa, achemshiwe tangawizi. Uji wa moto hagusi. Ukimkemea kwa sauti kubwa hasikii, ukimnong'oneza atatii. Zaina hakuwa anajua hata moja. Bibi alisema polepole, kama mtu anayekabidhi ofisi.

Zaina aliomba karatasi, akaandika.

Jumatatu, 19 Mei

Kabuku, shuleni. Kumhamisha mwanafunzi kunataka saini ya mlezi aliyeandikwa. Aliyeandikwa ni Bibi Mwanahamisi. Katika makaratasi yote ya shauri hili, hii ndiyo ya kwanza kumtaja, nayo ni ya kumwondoa mtoto.

Nilimjazia fomu. Hajui kuandika. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalitua taratibu. Mwalimu mkuu akasema halijatoka vizuri, arudie.

Akarudia.

Nimeshika chaki maisha yangu yote. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua. Rashidi anapeleka chakula kama alivyoahidi. Zaina ameniambia Tunu alimwita mama, mara moja, alipotaka maji. Aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba neno lenyewe litakimbia. Jalada limefungwa. Juu yake imeandikwa: limefanikiwa. Na ni kweli, limefanikiwa.

Juzi nilipita kwa Bibi. Hajambo, asema. Anapalilia mahindi. Simu yake ndogo ya tochi ilikuwa juu ya kigoda, imejaa chaji. Tangu siku ile ya shuleni haijalia. Hapigi yeye, anaogopa kuonekana anamvuta mtoto arudi. Hakuna aliyemkataza Zaina kupiga. Hakuna aliyemkumbusha pia, na mimi sikuliandika popote.

Najiandikia la leo, kabla ya chai: mpigie Zaina. Mwambie ampe Tunu simu, amsalimie bibi yake.